Nyumba, Thamani na Boma: Ainisho la Awali

Ikisiri

Makala hii inaainisha majengo ya Tanzania katika makundi mawili makuu: majengo yanayotozwa na majengo yanayochangiwa. Data zilikusanywa kwa mbinu ya kukaa: kukaa benchi la nyuma kwenye baraza la madiwani, kukaa kwenye kibanda cha wakala wa Luku (umeme wa kulipia kabla), na kukaa chini ya mwembe wa shule ya kata mgeni rasmi akiwa bado yuko njiani. Matokeo yanaonesha kuwa nyumba moja yaweza kuwa na thamani tano kwa siku moja, kwamba ukuta usio na paa hukomaa kisiasa kabla ya kukomaa kiujenzi, na kwamba kutoka nyumba inayolipa hadi darasa linalosubiri hakuna barabara. Mtafiti anapendekeza ichongwe.

Maneno muhimu: mita, boma, kiporo, lenta, kadiri fedha zitakavyopatikana.

1. Usuli wa tatizo

Tafiti tangulizi zimeshughulikia kodi peke yake na madarasa peke yake, zikaacha pengo. Makala hii inakusudia kuliziba, ingawa mtafiti anakiri kuwa mapengo makubwa zaidi yako kwenye mapaa.

Kwa faida ya wasomaji wachanga, historia ni hii. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972. Za mijini zikarudi 1978, na za wilaya zikafuata baada ya sheria za 1982. Mwaka 1983 mamlaka za miji zikapewa sheria ya kukadiria na kutoza majengo. Kwa kuwa ardhi yetu ni mali ya umma, kilichopimwa ni jengo: mthamini alifika na futi kamba, akauliza gharama ya kulijenga upya, akapunguza uchakavu, akaandika kwenye daftari. Nyumba ambazo hakuzifikia, na zilikuwa nyingi, zilitozwa kiwango cha jumla au hazikutozwa kabisa.

Mwaka 2008 ukusanyaji katika Dar es Salaam ukakabidhiwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwaka 2014 ukarudishwa kwa manispaa. Mwaka 2016 ukachukuliwa tena na TRA, safari hii hata nje ya Dar es Salaam. Kwa kifupi, kodi ya majengo imehama mara nyingi kuliko mpangaji wa Tandale, na kama mpangaji huyo, kila ilipohama ilipoteza baadhi ya vyombo. Chombo cha kwanza kupotea kilikuwa uthamini. Kufikia 2018 nyumba ya kawaida ilikuwa inalipa shilingi 10,000 kwa mwaka, iwe wapi, iwe na nini. Mwaka 2021 kodi ikaingizwa kwenye Luku, shilingi 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa ya mjini.

Hapo ndipo utafiti huu unapoanzia, kwa kuwa jengo sasa linatambuliwa kwa mita yake.

2. Ngeli za nyumba

Ngeli ya kwanza ni nyumba-mita. Hii ni nyumba ya chini, yenye mita moja, iliyo hai kikodi. Tabia yake kuu ni kutofautiana kwa kila kitu isipokuwa kodi. Nyumba ya Masaki yenye bwawa la kuogelea, nyasi zinazomwagiliwa asubuhi na jioni, na mlinzi mwenye kibanda chake, ikiwa tu haina ghorofa, ni ya ngeli hii. Nyumba ya Mbagala yenye vyumba viwili na choo cha nje nayo ni ya ngeli hii. Zote zinalipa 1,500. Mtafiti alitafuta tofauti ya kisheria kati ya hizo mbili, akakosa.

Ngeli ya pili ni kijighorofa. Hiki hupatikana Sinza na sehemu kama hizo, pale kiwanja kilipokuwa kidogo na familia ikaongezeka, mwenyewe akaamua kupanda juu. Kikiwa na sakafu mbili kinalipa 15,000 kwa mwezi, yaani mara kumi ya lile jumba la Masaki. Wataalamu wa mipango miji wanatuhimiza tujenge kwenda juu ili tusimalize ardhi. Sheria ya kodi inasikiliza, halafu inamtoza aliyetii.

Ngeli ya tatu ni nyumba ya mita nyingi. Mwenye nyumba aliyechoshwa na ugomvi wa wapangaji kuhusu pasi na jiko la umeme alimwekea kila mmoja mita yake. Utaratibu ulipoanza 2021, kila mita ikawa nyumba. Ilibidi aende ofisini kueleza kwamba mita ni nne lakini paa ni moja.

Ngeli ya nne ni nyumba ya mzee. Mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea amesamehewa kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Msamaha upo kwenye sheria, ila mita haijui umri wa mtu. Mzee hukatwa kwanza, kisha huenda na kitambulisho kuthibitisha uzee wake kwa kijana wa dirishani ambaye tayari amemwamkia shikamoo.

Ngeli ya tano ni nyumba ya tope na nyasi. Imesamehewa moja kwa moja. Hii ndiyo ngeli pekee ambayo bado inathaminiwa kwa macho.

Chini ya ngeli zote hizi yupo kiumbe ambaye makala haiwezi kumruka: mpangaji. Tumtazame kwa karibu. Ni tarehe mbili ya mwezi, jioni, umeme umekatika chumbani kwake tu. Ananunua wa shilingi 5,000 kwa simu. Yuko kwenye kundi la watumiaji wadogo, ambapo uniti moja pamoja na kodi zake ni shilingi 122, kwa hiyo anatarajia uniti 41. Ujumbe unaingia ukiwa na tarakimu 20 za kubofya. Chini yake kuna VAT, kuna tozo ya EWURA, kuna ya REA, na kuna deni la kodi ya jengo la 1,500. Uniti alizopata ni 28 na ushee. Serikali ilishaeleza kuwa kodi ni ya mwenye nyumba na mpangaji anaweza kumdai. Mpangaji wetu alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba anaishi Kimara. Kwa hiyo mpangaji anabofya tarakimu zake, taa inawaka, na suala hilo linafungwa. Sheria inamtaja mwenye jengo kuwa ndiye mlipaji, ilhali aliyelipa hana hata tofali.

3. Ngeli za thamani

Wasomaji watauliza: kwani ni vigumu kiasi gani kujua thamani ya nyumba? Utafiti umebaini kuwa ni rahisi mno, tatizo ni kwamba majibu ni mengi. Nyumba moja ileile ina thamani tano, kutegemea nani amebisha hodi.

Thamani-benki hutokea mkopo unapoombwa. Siku hiyo nyumba ina vigae, jipsamu, madirisha ya alumini na fensi, na mwenyewe anamkumbusha mthamini asisahau kisima.

Thamani-fidia hutokea barabara mpya inapopangwa kupita. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili na ya haki, pamoja na posho ya usumbufu na ya usafiri. Kati ya tetesi za kwanza na siku ya mthamini, uwanja ambao haukuwahi kuona jembe huota migomba, mipapai na minazi michanga iliyopangwa kwa kamba.

Thamani-dalali ni kubwa kuliko zote na hukua kwa umbali. Kila hatua kutoka lami huongeza maneno.

Thamani-mchango hutokea kamati ya shule inapoingia uani. Ghafla nyumba ni ya urithi, warithi ni tisa, na kesi iko baraza la kata.

Thamani-Luku ni 1,500.

Kuanzia 2016 tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, na tuna Mthamini Mkuu wa Serikali. Nchi ina wataalamu wa kutosha kuthamini mwembe mmoja mmoja kwenye njia ya reli. Ufundi tunao, na tunautumia jengo linapotaka kulipwa. Linapotakiwa kulipa tunahesabu mita.

Uadilifu wa kitaaluma unatutaka tutaje upande wa pili. Mfumo wa zamani ulikuwa na daftari lililopitwa na wakati, ankara ambazo hazikufika, na mthamini ambaye kwa chai nzuri aliweza kuona uchakavu mwingi kwenye nyumba mpya. Luku haipokei chai. Inakusanya bila mkusanyaji, usiku na mchana, hadi kijijini. Mtu anayeubeza mfumo huu bila kukiri hilo hajawahi kumfuatilia mdaiwa wa kodi Manzese. Gharama yake iko kwingine: fedha zinakwenda Hazina kwanza, na kinachorudi halmashauri kinarudi kwa mgawo. Mlipaji hawezi kunyoosha kidole na kusema, lile bati ni langu.

4. Mizania

Katika sehemu hii tunatumia hisabati ya darasa la tano.

Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa IMF wa kukabili athari za UVIKO-19, takriban shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Mwaka uliofuata yakaongezwa madarasa 8,000 ya sekondari kwa bilioni 160. Ukigawanya, unarudi palepale: milioni 20. Tofauti na nyumba, darasa lina bei moja inayojulikana.

Nyumba-mita hulipa 18,000 kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba moja, ikielekeza kodi yake yote kwenye darasa moja na serikali isichukue hata senti, itakamilisha kazi hiyo katika miaka 1,111 na mwezi mmoja na ushee. Nyumba 1,112 zikishirikiana zinamaliza kwa mwaka mmoja. Idadi hiyo si ya kutisha: kata moja ya Temeke inaifikia na kuipita. Yaani kata hiyo, kwa kodi ya umeme wake wenyewe, ingeweza kupata darasa moja au zaidi kila mwaka bila kumwomba mtu. Huenda fedha hizo zinarudi kama darasa, huenda kama dawa, huenda kama mafuta ya gari la msafara. Mlipaji hana njia ya kuona.

5. Ngeli za boma

Tukifika upande wa majengo yanayochangiwa, utajiri wa spishi unaongezeka.

Boma ni jengo la umma ambalo wananchi wameanza na serikali inatarajiwa kumalizia. Lina asili yake. Mwaka 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, kila kata ilihimizwa kuwa na sekondari yake, na wananchi wakabeba mawe, mchanga na maji. Ada ya msingi ilikuwa imefutwa 2001. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukafuta ada hadi kidato cha nne, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima shuleni. Watoto wakafurika, michango ikawa ya hiari, na hiari hiyo ikaanza kupitishwa nyumba kwa nyumba na mjumbe mwenye daftari.

Boma-msingi ni mstari wa mawe unaoota majani. Lilichimbwa siku ya kampeni, mbele ya kamera. Mbuzi hulipenda.

Boma-dirisha limefika usawa wa madirisha. Hapa ndipo saruji ya mfadhili wa kwanza iliishia, naye alishinda uchaguzi au alishindwa. Kwa vyovyote vile hakurudi.

Boma-lenta ndilo daraja la juu la nguvu za wananchi. Kuta zimesimama, lenta imefungwa, nondo zimechomoza juu zikipata kutu. Tulitazame moja kwa karibu, kwa kuwa kila wilaya inalo. Matofali ni ya kuchoma, ya rangi tatu, kwa sababu yalitoka kwenye matanuri ya vitongoji vitatu na kila kitongoji kilikuwa na udongo wake. Upande wa mashariki mvua mbili zimelamba udongo wa juu, na ukuta umeanza kuonesha mbavu. Ndani, mahali pa ubao, mwanafunzi ameandika kwa mkaa jedwali la saba mpaka saba mara tisa, akaishia hapo. Mlangoni kuna rundo la kokoto ambalo kila mkazi anajua ni la shule na kila mkazi mwenye kibaraza kipya amelipunguza kidogo. Linangoja kenchi, bati za geji 28, lipu, sakafu na grili.

Boma-kiporo limepauliwa lakini halina sakafu, au lina sakafu halina madawati, au lina vyote halina choo na kwa hiyo haliwezi kufunguliwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali (CAG) hulirudia hili mwaka hadi mwaka, halmashauri hii na ile.

Boma-mwenge limepakwa rangi kwa mbele tu, kwa kuwa Mwenge wa Uhuru ungepita mbele.

Ngeli hizi zina siri moja ya kihesabu. Kwa miaka kadhaa serikali ilitumia kiwango cha milioni 12.5 kumalizia boma moja la darasa. Darasa zima, kuanzia chini, ni milioni 20. Toa. Nguvu za wananchi, pamoja na mawe yaliyobebwa kichwani, maji yaliyotekwa saa kumi alfajiri na matofali ya rangi tatu, zina thamani ya milioni 7.5. Hakuna mthamini aliyewahi kuiandika namba hiyo kwenye risiti ya mkazi yeyote. Aliyetoa siku nne za kuchimba msingi bado anakatwa 1,500 mwisho wa mwezi, kama yule wa Masaki ambaye hajui shule ya kata yake iko upande gani.

Madarasa ya UVIKO yanatupa jaribio linganishi. Fedha zilitoka Washington, mafundi walitoka mtaani, na kwa miezi michache ya mwisho wa 2021 kuta zilipanda mpaka kwenye bati bila kupumzika kwenye lenta. Mafundi ni walewale. Udongo ni uleule. Kwa hiyo nadharia kwamba boma hukwama kwa sababu ya uzembe wa wananchi imekataliwa kwa kiwango cha juu cha uhakika.

6. Ngeli za kauli

Basi ni nani anaamua? Baraza la madiwani, sheria inasema. Mtafiti alisikiliza. Kiwango cha kodi ya nyumba kinapangwa bungeni kupitia Sheria ya Fedha. Gharama ya darasa na ramani yake vinatoka juu. Fedha za mradi mara nyingi huja zikiwa na jina la shule tayari. Linalobaki mikononi mwa baraza ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, leseni, stendi na masoko, na hapo diwani hupigania kata yake kwa kauli zinazoweza kuainishwa hivi.

"Imepokelewa" humaanisha sauti imesikika.

"Inafanyiwa kazi" humaanisha barua imegongwa mhuri.

"Mchakato unaendelea" humaanisha barua haionekani.

"Imeingizwa kwenye bajeti ya mwaka ujao" ni kauli njema, na huwa njema zaidi ikitolewa mwezi Mei kuliko Agosti.

"Itakamilishwa kadiri fedha zitakavyopatikana" ndiyo kauli mama. Haina wakati, haina kiasi, haina mtenda. Hutumika Bungeni, mkoani na kwenye kata bila kubadilishwa hata irabu. Mtafiti hajakuta boma lililopauliwa nayo.

"Naunga mkono hoja" hutangulia malalamiko na hufunga malalamiko. Diwani aliyeeleza kwa dakika saba kuwa watoto wa kata yake wanasoma chini ya mti humalizia kwa kuiunga mkono bajeti isiyo na darasa lake, kisha anakaa, kisha chai inaletwa.

7. Ulinganisho

Ili tusionekane wa ajabu peke yetu, tutupie jicho Nairobi. Huko kaunti hutoza ardhi, si jengo, na kwa miaka mingi ilitoza kwa orodha ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiongeza asilimia badala ya kupima upya, hadi orodha mpya ilipoandaliwa miaka ya karibuni. Kiwanja kilichokuwa shamba la kahawa enzi hizo kiliota maghorofa huku thamani yake kwenye daftari ikibaki ya kahawa. Na huko nako madarasa yana baba wengi: ya chekechea ni ya kaunti, ya msingi na sekondari ni ya serikali kuu, na kwa kiasi kikubwa hujengwa na mfuko wa jimbo wa mbunge, ambao Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kuwa unakwenda kinyume cha katiba na ukome Juni 2026. Jirani ana thamani iliyozeeka. Sisi tumeamua kuishi bila thamani. Mtafiti hatoi alama.

8. Hitimisho na mapendekezo

Imethibitika kuwa dola inajua bei ya darasa hadi shilingi ya mwisho, na haitaki kujua bei ya nyumba. Matokeo yake ni kodi isiyomuuma tajiri, isiyomwachia maskini, na isiyomfanya yeyote kati yao aulize shule imefikia wapi. Wepesi wa kukusanya ni fadhila, lakini haukupasa kununuliwa kwa haki.

Tiba haihitaji mthamini kwa kila mlango. Zigawanywe nyumba katika madaraja machache kwa eneo na ukubwa, kama viwanja vinavyogawanywa tayari, na Luku hiyohiyo iendelee kukata: 1,500 Mbagala, na Masaki walipe kinachofanana na bwawa lao. Kijighorofa cha Sinza kipunguziwe. Kisha sehemu ya kodi ya kata ibaki kwenye kata kwa kumalizia maboma yaliyofika lenta, na namba zake zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.

Hayo ya sheria yatangoja Bunge. Moja halingoji. Mkutano wa mapato na matumizi wa kijiji au mtaa wako ukiitishwa, nenda, na uulize mambo mawili tu: kata yetu imelipa kodi ya majengo kiasi gani mwaka huu, na boma letu limebakiza shilingi ngapi. Ukijibiwa "kadiri fedha zitakavyopatikana", usikae chini. Omba namba.